Nanasi Kavu la Mzee Dawudi

Alhamisi, 18 Agosti 1977
Nimechoka. Foleni ya sukari Nakawa tangu alfajiri, ikaisha watu wanne kabla yangu. Lakini nimerudi na wazo! Nchi haina sukari, basi na wenye kisukari wapate kitu cha kutafuna bila woga. Matunda makavu. Nani kaona nanasi likitiwa sukari shambani? Nimeanika sita juu ya bati la Mzee Dawudi, mwenye nyumba wangu. Ana kisukari mwaka wa tano. Ndiye aliyenipa chumba nilipofika kutoka Kongo bila hata shuka. Ataanza yeye.

Jumapili, 21 Agosti
Nzi wamekula sehemu yao. Vipande vilivyobaki vimekauka vizuri. Perpétue, Mkongo mwenzangu anayeuza njugu getini, ameuliza kama nimemwuliza daktari. Wivu tu. Tende hazionekani sokoni Ramadhani hii, kwa hiyo nimempelekea Mzee nanasi afuturu nalo.

Jumatano, 24 Agosti
Mzee hanywi chai tena kabla ya nanasi! Alianza na vipande vitatu, kama tende, kwa witiri. Juzi saba. Leo alifika kumi, akaona si sawa, akaongeza cha kumi na moja. Mkewe, Bibi Halimah, ameuliza kitu kitamu namna hii kinakosaje sukari. Nikamweleza kwamba sukari hutoka kiwandani, nanasi hutoka ardhini. Mzee anamaliza mtungi wa maji na hatoki chooni. Nikasema ni joto la saumu.

Ijumaa, 26 Agosti
Mzee ameanguka mlangoni. Tumembeba mimi na Bibi Halimah hadi zahanati, mgongo wangu haufai tena. Niliogopa. Si kwa ajili ya chumba. Nampenda yule mzee. Nesi akauliza amekuwa akila nini. Nikaangalia viatu vyangu. Mzee akafumbua macho, akasema polepole, "Katembo, hii nanasi yako ni tamu sana. Lakini sasa iko naniua."
Nesi akanieleza kama anayemfundisha mtoto: tunda likikauka maji hutoka, sukari yote hubaki. Kipande kimoja au viwili, si kumi na kimoja. Na kwa hali yake asifunge. Akitaka cha kutafuna, njugu kidogo zingemfaa zaidi. Njugu!

Jumamosi, 27 Agosti
Mzee amerudi nyumbani, Mungu ashukuriwe. Anatafuna njugu za Perpétue. Perpétue hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nimeshinda kitandani nikiyapima maneno ya nesi. Ni kweli kabisa. Kosa langu lilikuwa kuyatoa maji. Basi nanasi lote lililobaki nimeliloweka kwenye ndoo, limevimba vizuri. Kesho nauza kwa glasi. Ya kwanza ni ya Mzee, bure.