Ombi la Huruma kwa Kuku wa Rumonge

Rumonge, Jumatatu, 4 Machi 1912
Habari imefika kutoka Usumbura nami nimeketi kwa mshangao. Bibi wa Bwana Mkubwa wa Boma yumo katika chama cha huko kwao Ulaya kinachotetea wanyama. Aliwaona kuku sokoni wamefungwa miguu, wananing'inia mtini vichwa chini, akalia hadharani. Kuku! Mwenye kuwaleta alikuwa Chausiku wa Gatete, mjane anayeliuzia jiko la Boma kuku arobaini kila mwezi. Kazi hiyo kwa haki ingekuwa yangu. Nimechonga kalamu.

Jumanne, 5 Machi
Ombi limekamilika. Kurasa tatu. Limeanza hivi: "Kwa heshima na taadhima, mimi Radjabu bin Feruzi, rafiki wa kila kiumbe chenye manyoya, naleta kilio cha wasiojua kulia." Nimeomba Chausiku azuiwe kuuza, nami nishike nafasi yake. Mke wangu Mwasiti alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza urafiki huo umeanza lini, maana jana nilimtupia kuku kiatu. Nikalikunja ombi. Mtu wa kalamu hajibizani.

Usumbura, Ijumaa, 8 Machi
Mwenye adabu haendi kwa mkubwa mikono mitupu, hivyo nilichukua majogoo sita wa kuchagua, wawe zawadi. Nikapanda ngazi za Boma, ombi mkono wa kulia, majogoo mkono wa kushoto. Wamefungwa miguu. Vichwa chini. Kuku hubebwaje tena? Nilipofika ukurasa wa pili, penye maneno "mateso yasiyosemeka", Bibi alipiga ukelele. Nilidhani ni uzuri wa maneno. Askari Bakari ndiye aliyenionyesha kwa kidole nilichokishika. Majogoo wamefunguliwa, wanatembea bustanini kama wageni wa heshima. Mimi nimo mahabusu hadi Jumatatu. Kalamu wameniachia.

Rumonge, Alhamisi, 14 Machi
Amri imetoka. Jiko la Boma halinunui kuku aliyening'inizwa, na nyumba zote za Wazungu zimefuata. Nilirudi nikitarajia kumkuta Chausiku amekunja biashara. La. Siku ileile Bibi alipolia, Chausiku aliwapa wasusi kazi ya matenga mapana ya matete, na mimi nikiwa mahabusu yeye alikwisha kupeleka kuku wake wamekaa mtumbwini kama maharusi. Zamani watano walikufa kila safari. Safari hii hakufa hata mmoja. Boma limemwongezea: kuku sitini kwa mwezi! Alinisalimu mwaloni, penye mitumbwi, mbele ya watu wote: "Amahoro, mwalimu. Andika na ombi la mbuzi basi, nao niwasukie kitanda." Wavuvi walicheka hadi wakaacha nyavu.

Jumamosi, 16 Machi
Nimepata jambo. Tenga nalo ni gereza. Ombi la pili, kurasa tano: kuku wa Radjabu watakwenda Usumbura kwa miguu yao wenyewe, huru. Bibi akiwaona wanaingia mjini hivyo, atamsahau Chausiku siku hiyohiyo. Nimekusanya kuku arobaini, wetu wote pamoja na wa mama mkwe. Mwasiti ameuliza safari hiyo ni ya siku ngapi kwa hatua za kuku. Nimemweleza kwamba swali hilo halina adabu.

Minago, Jumanne, 19 Machi
Siku ya pili ya safari. Wamebaki kuku saba. Wengine wamerudi nyumbani bila ruhusa. Kumi na wawili waliingia katika mihogo ya watu wa hapa, na wenyeji wanaapa kwamba wamewalea tangu vifaranga. Wengine tena wamenyakuliwa na mwewe, mchana kweupe, nikitazama. Sijapata kuona ujeuri wa namna hii.

Mtumbwi wa Chausiku umepita karibu na ufuo. Ameniita akisema nimpe hao saba awafikishe, tengani mna nafasi, na mimi mwenyewe nipande nipumzishe miguu. Nimemjibu kwamba kuku wangu ni huru. Mmoja ameingia majini kumfuata.

Sasa kuku sita. Huruma yenyewe haina kasoro. Kasoro ni mwewe. Nimeketi chini ya mchikichi na kuanza ombi la tatu: Boma liwakamate mwewe wote wa pwani hii, kutoka Kabonga hadi Usumbura. Nimeacha nafasi tupu kwa majina ya washtakiwa.