Barakoa Isiyoijua Pua Yangu

Kwa Mkuu wa Ubunifu,
Kiwanda cha Barakoa za Usingizi Haneulbit,
Busan.

Ndugu Mkuu,

YAH: BARAKOA YENU KUTOIHESHIMU PUA YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Pyo Gwangsik, fundi viatu mstaafu wa hapa Yeongdo. Hospitali iliniambia kwamba nikilala pumzi hukatika mara thelathini na moja kwa saa, nikapewa mashine ya kupuliza hewa. Mashine sina neno nayo. Ugomvi wangu ni barakoa inayoileta hewa hiyo puani, ile mliyokuja kujisifia ukumbi wa wazee kwamba mtaifinyanga kwa vipimo vya kila mmoja wetu, si kwa nyuso za Wazungu. Nilipiga makofi kuliko wote.

1. Juu ya pua pana mwanya. Hewa inatokea hapo na kunipiga machoni, naamka macho mekundu. Sokoni wananipa pole za msiba. Mara mbili nimezipokea, maana kueleza ni kazi.

2. Mwanya huo unapiga mluzi. Mke wangu, Mama Jiyeong, ameshainuka mara nne kwenda kuzima birika ambalo halikuwa jikoni.

3. Sasa amehamishia godoro lake sebuleni, ambako sakafu haipashwi moto kama ya chumbani, na magoti yake ni mabovu. Hata huko halali. Mluzi ukikoma anakuja kuniwekea mkono kifuani. Aliniambia, "Baba Jiyeong, ukikoroma nakuchukia, ukinyamaza naogopa." Anauza dagaa wakavu, juzi alisinzia kichwa kikiwa juu ya mizani, mteja akasoma uzito. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mwanamke huyu anachakaa kwa ajili ya pua yangu.

4. Nimeshona viatu miaka thelathini na minane, na sikumwambia mteja hata mmoja akapunguze vidole. Nyinyi mmeniandikia nikaze mikanda. Nimekaza mpaka mashavu yana mistari, na mjukuu wangu amenichora kama tikiti la njano lenye michirizi.

5. Kwa hiyo nadai mtume injinia alale kwetu wiki nzima na rula yake. Mkishindwa, kirini hadharani kwamba mlipima mcheza filamu. Na hilo likiwashinda, leteni daktari ainue pua yangu ifikie barakoa, maana ni wazi kati ya hizo mbili ipi mnaiamini.

Naomba majibu kabla ya sikukuu ya mavuno. Nisalimieni wote kiwandani, hasa Injinia Maeng aliyetugawia rula na fomu kwa adabu kubwa.

Ni mimi, mwenye macho mekundu na heshima zote,
Pyo Gwangsik

Tanbihi: Mama Jiyeong ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akaenda kuleta rula. Kimo cha pua yangu amepata milimita kumi na mbili. Kwenye fomu yenu mtakuta kumi na nane. Siku ile mlituacha tupimane wawili wawili na kusoma namba kwa sauti, na wanawake walikuwa wamekaa karibu wanasikiliza. Mimi na Mzee Tak tukaongezeana sita sita. Mama Jiyeong ameniuliza, "Pua hii nimelala nayo miaka arobaini na moja. Ulikuwa unamdanganya nani?" Ya Mzee Tak nayo ipunguzeni, ila msimwambie nani kasema. Yangu andikeni kumi na mbili, na mfanye haraka, sakafu ya sebuleni ni baridi.