Asilimia Mbili za Betri na Jina la Mtoto wa Kelepi

Kijiji cha Fale'ono, Ha'apai
Jumatano asubuhi

Ndugu Mhariri wa Mwangaza wa Visiwa,

Salamu kwa heshima zote. Mimi ni mzima, isipokuwa hasira. Naitwa Pisila Fe'ao, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaoponda magome ya miti yawe ngatu, kitambaa chetu cha asili, hapa kijijini, na msomaji wako tangu gazeti lilipokuwa na kurasa nne. Wiki mbili zilizopita ulichapisha katika ukurasa wa Maarifa ya Nyumbani makala yenye kichwa "Zima Usivyotumia, Betri Ikae". Makala hiyo niliibandika ukutani, kando ya picha ya marehemu mama yangu. Leo nimeibandua. Naomba unisome kwa utulivu, maana mimi sina utulivu wa kukugawia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulituagiza tuzime waifai, bluutuuthi, data, na kile kinachoonyesha mtu yuko wapi. Nilizima vyote. Mahali nilipo ninapajua, ndipo nilipozaliwa. Chini kabisa ukaongeza kwamba anayetaka kuokoa zaidi aiweke simu katika hali ya ndegeni. Sijawahi kupanda ndege, lakini niliiweka, kwa kuwa sipendi kufanya jambo nusunusu. Hukuandika hata mstari mmoja kwamba simu ikishakuwa ndegeni hakuna binadamu atakayeipata. Hata muuza shoka humwonyesha mteja upande unaokata.

2. Kwa kuwa kizuri kula na mwenzio, nilisimama mbele ya kikundi nikawasomea makala yako kwa sauti, kisha nikaagiza kila mmoja azime. Wakazima wote kumi na saba, pamoja na mke wa mchungaji. Aliyekataa ni Seini peke yake, na simu ya Seini haina hata laini, ni ya kuchezea karata tu.

3. Nikafanya utafiti, jambo ambalo nina shaka kama wewe ulilifanya. Kila asubuhi mimi na Seini tulijaza simu zetu kwenye umeme wa jua wa kanisa. Yake ilishinda kapuni, waifai na bluutuuthi zikiwaka bure. Yangu ilikuwa mkononi, imezimwa kila kitu, nami nikiiwasha kioo baada ya kila wimbo wa kupondea magome ili nione betri imebaki ngapi. Jioni yangu ilikuwa na asilimia sabini na moja, ya Seini sitini na tisa. Nilipotangaza ushindi huo, Seini akasema, "Wee Pisila, hiyo betri hailiwi na waifai, inaliwa na macho yako! Ungeiacha ikapumzika ungefika tisini." Mwingine akadakia, "Mwacheni mwenyekiti, simu yake imeokoka, haisemi tena na watu wa dunia." Walicheka mpaka magongo yakawatoka mikononi. Hao nimewasamehe kwa sababu ni wanachama. Wewe si mwanachama.

4. Sasa nafika penye kidonda. Mdogo wangu Kelepi anaishi Auckland, na baada ya miaka kumi ya ndoa amepata binti. Kwetu mtoto hupewa jina na shangazi yake. Si mama, si bibi, si muuguzi mwenye kalamu. Jina nilikuwa nalo tangu Kelepi akiwa na kamasi: Tokilupe, jina la mama yetu. Mimi sikujaliwa mtoto, Mhariri. Jina hilo ndilo nililokuwa nimelilea.

Jana mashua ilileta watu kutoka Nuku'alofa, akiwamo Maka, mpwa wa Seini. Aliponiona alidondosha mfuko wa viazi. "Shangazi Pisila! Kumbe upo?" Nikamjibu, "Nipo, nitaenda wapi?" Akainama kuokota viazi huku akisema kwamba mtoto amezaliwa, kwamba walinipigia siku sita wakachoka, na jina ameshapewa. Aliyelitamka ni Bi 'Ilaisaane, mama mkwe wa Kelepi. Sikumuuliza ni jina gani. Mali yako ikishaibwa huulizi mwizi ameipaka rangi gani. Nilimgeuzia kisogo nikaenda kuponda magome mpaka kiganja kikachubuka, na nililia mbele ya wanachama wangu, jambo ambalo katiba ya kikundi hairuhusu.

Asilimia mbili, Mhariri. Ndiyo bei niliyouzia jina la mama yangu.

5. Kwa hiyo nadai yafuatayo:

(a) Uchapishe ukurasa wa mbele kwamba mtoto wa Kelepi anaitwa Tokilupe. Wanawake kumi na saba walitii gazeti lako bila kuuliza swali. Hospitali ya Auckland nayo itatii.

(b) Uje mwenyewe na mkeka mzuri na nguruwe, uketi nje ya mlango wangu umeinamisha kichwa mpaka nitakapokuambia ingia. Huenda nikachelewa kukuambia.

(c) Uliombe bunge litunge sheria kwamba yeyote ambaye mke wa ndugu yake ni mjamzito asiguse hali ya ndegeni, awe yuko ndegeni au hayuko.

(d) Bi 'Ilaisaane asiuziwe tena gazeti lenu, hata la kufungia samaki.

Wasalimie mkeo, wanao na wapiga chapa wote. Msalimie na shangazi yako, kama bado anakuitikia.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Pisila Fe'ao, Mwenyekiti

Nyongeza: Nilitaka kukuandikia namba yangu ili upige kuomba radhi, lakini siijui kwa kichwa, hivyo nimeitoa simu ndegeni niitafute. Ujumbe umeingia kwa muda wa kuivisha chungu cha magimbi. Jumla yake ni sitini na tatu. Wa kwanza ni wa Kelepi: "Dada, ni msichana! Tupe jina." Wa siku ya nne: "Dada, kijiji kizima hakipokei simu. Kimbunga?" Kisha huu wa Bi 'Ilaisaane: "Shangazi wa mtoto, popote ulipo, pumzika salama. Mimi ni nani nimpe mtoto jina wewe ukiwa hai? Kwa kuwa umetutoka, nimempa lako. Anaitwa Pisila."

Tafadhali futa namba 4, pamoja na 5(a) na 5(d). Hata 5(b) haina haja tena, maana mikeka na nguruwe viko njiani: Kelepi, mkewe, mtoto na Bi 'Ilaisaane waliondoka Auckland jana, na Ijumaa watashuka hapa kunizika.

Nimewapigia mara nane niwaambie niko hai. Hakuna anayepatikana. Ujumbe wa mwisho wa Kelepi unasema: "Tunaweka simu zote ndegeni, betri itufikishe msibani." Makala yako alitumiwa na mimi, kwa picha, dakika chache kabla sijazima.