Mashine Iliyosoma Salamu Ikaacha Shida

Kwa Bwana Kang'ethe,
Meneja wa Wafanyakazi,
Kiwanda cha Matofali cha Kilima Chekundu,
Lanet.

Mheshimiwa Bwana,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini familia iko salama na ile homa yako imeondoka. Mimi ni mzima. Tafadhali usiishie hapo, endelea kusoma, kwa sababu hapo ndipo mashine yako ilipoishia.

Mimi ni Jonah Kipkoech, yule mrefu wa kupanga matofali tanurini, mwaka wa sita sasa. Nyumbani ni Chesoi, ninalala Kaptembwo. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwa simu nimeshindwa. Tangu mlete ile mashine ya maombi ya ruhusa, mtu haingii ofisini tena. Anatuma meseji, mashine inaamua. Siku ya kwanza Jeff wa kompyuta alitueleza kwamba ina vichwa viwili. Kichwa cha kwanza kimesoma barua za watu maelfu kwa maelfu, kikazoea kukisia mtu anataka kusema nini. Cha pili hakikisii. Kinashika sheria na kuziunganisha: ikiwa hili ni kweli, na lile ni kweli, basi na hili la tatu ni kweli. Jeff akasema vichwa hivyo vikishirikiana, mashine itatuelewa kuliko tunavyojielewa wenyewe. Tulipiga makofi. Mimi niliachia shule darasa la saba, lakini nilipiga makofi pia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumamosi, tarehe ishirini, wageni wanakuja kwangu kuzungumza mahari ya binti yangu Chesang. Bila baba hakuna kikao. Niliandika kama nilivyofundishwa kuwaandikia wakubwa: "Hujambo? Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri, sina shida yoyote, ila naomba ruhusa ya dharura siku nne, kuna jambo nyumbani." Jibu lilirudi kabla sijafuta jasho: "Ruhusa ya dharura ni ya mwenye shida. Mwombaji amesema hana shida yoyote. Kwa hivyo mwombaji hastahili. Siku njema." Bwana, ni nani amewahi kuanza na shida? Kwetu hata mtu ambaye nyumba yake inaungua atakusalimu kwanza.

2. Nikaondoa salamu, ingawa niliona haya. Nikaandika, "Nina shida. Binti yangu anaposwa." Jeff anasema hapo kichwa cha kwanza ndicho kilichotangulia. Katika barua zote kilizosoma, posa hutembea na pongezi. Nikatumiwa hongera na picha ya maua. Ruhusa, hakuna.

3. Kabiru, ninayepanga naye matofali, akaniambia, "Mzee, wewe unaongea na wakili. Mwandikie kiwakili." Tukaketi tukatunga: Kila baba anahitajika kwenye mahari ya binti yake. Mimi ni baba wa Chesang. Kwa hivyo ninahitajika. Mashine ilikubali mara moja, ikasema hoja ni safi. Kisha ikaendelea peke yake: kiwanda kina akina baba arobaini na wawili, kila baba anahitajika, wote wakienda, tanuri litazimika, tanuri haliruhusiwi kuzimika, kwa hivyo asiende hata mmoja. Mchana huo wanaume arobaini na wawili walipata meseji ya kukatazwa kuozesha. Kabiru ana mtoto mmoja, na huyo ana miaka mitatu. Tangu siku hiyo hanipi maji yake ya kunywa.

4. Zamani pale dirishani pa kuombea ruhusa alikuwa Mama Sue. Ulikuwa unasimama unasema, "Sina shida, mathe." Anaweka kalamu chini. "Haya, ilete hiyo shida." Ukisema mara mbili kwamba huna, alijua ziko mbili. Hakuwa amesoma barua maelfu, na sheria alikuwa nayo moja tu, ya kumtazama mtu usoni. Sasa anauza uji langoni. Juzi nilimwambia niko sawa, akanijazia kikombe cha pili.

5. Ikiwa mashine inaelewa watu kuliko sisi, basi iende Chesoi ikaketi kwenye kiti changu. Wageni watafika waseme hawana neno, wanapita tu kusalimu. Kichwa cha pili kitaamua kwamba hawana neno, kiwape chai na kuwafungulia lango. Ndugu zangu watasema hatutafuti ng'ombe, tunatafuta undugu. Mashine itaandika: ng'ombe, sufuri. Hivyo binti yangu atazeekea nyumbani kwa hoja safi.

Kwa hayo yote, ninaomba mashine itolewe, Mama Sue arudishwe dirishani, na maneno ya watu yasomwe na mtu, kwa sababu ni mtu peke yake anayejua kungojea "ila".

Nisalimie ofisi yote, mlinzi wa lango, Jeff (sina ubaya naye), na watu wa nyumbani kwako. Isalimie na mashine, vichwa vyote viwili.

Ni mimi mfanyakazi wako, mzima,

Jonah Kipkoech

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilitaka kuhakikisha tarehe, nikafungua meseji za mke wangu Jepleting. Tangu Januari anaandika hivi: "Sisi huku wazima, ila ng'ombe mwekundu amekataa nyasi." "Sisi wazima, hatuna shida, ila paa la jiko linavuja." Zote nimezijibu namna moja: "Asante Mungu mko wazima." Ya wiki iliyopita inasema, "Sisi wazima, hatuna shida yoyote, ila Chesang anasema huyo kijana hamtaki, anangoja baba yake aje aseme." Hata hiyo nilimshukuru Mungu. Kwa hivyo mashine iacheni, Bwana. Mimi nina kichwa kimoja tu, na kilifanya vilevile. Mama Sue naye msimsumbue, uji wake unatufaa. Nipe tu zile siku nne. Nina shida.