Kasi ya Heshima

Jumatatu, 3 Machi
Barua kutoka Mamlaka ya Mawasiliano! Mimi, muuza intaneti wa jengo zima, ghorofa nne, nyaya nimezivuta kwa mikono yangu, nashukiwa! Eti kasi niliyoiandika mlangoni siyo wanayoipata wateja. Nani kanichongea? Shemeji tu, kaka wa mke wangu, wa ghorofa ya tatu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mkaguzi anakuja Alhamisi saa nne asubuhi. Nikikutwa na kosa ni faini au jela miezi sita, au vyote viwili, na leseni kwaheri. Mke wangu kashauri niongeze tu kasi. Hajui biashara.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Intaneti yangu ni nzuri sana. Wanaoiharibu ni wateja. Wasipoitumia itakimbia yenyewe. Kwa hiyo saa nne wote wawe uani. Nimebandika tangazo: mkutano wa kuboresha huduma, soda bure.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kanisimamisha kwenye ngazi, kauliza mbona mkutano na ukaguzi ni saa ile ile. Nikamwambia ni bahati mbaya. Akacheka mpaka gego la mwisho likaonekana. Wivu huo.
Mama mkwe, wa chumba cha chini, naye atakuja. Yeye hulipa mara mbili ya wengine. Si wizi! Niliona si adabu kumuuzia mkwe bidhaa ile ile ninayowauzia walevi wa ghorofa ya nne. Yake inaitwa kasi ya heshima. Waya ni ule ule, ila wake nimeufunga utepe.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Uani walifurika. Mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, akachomeka kipimo chake chumbani kwa fundi cherehani, mteja wangu. Nikasimama kifua mbele. Kasi ikasoma sifuri nukta mbili! Kuchungulia dirishani: watu arobaini, kila mmoja simu juu, wanarusha mkutano mbashara kwa jamaa zao, kwa intaneti yangu! Shemeji kapanda juu ya kreti ya soda zangu, anahutubia.
Mkaguzi akataka bei. Nikamwonyesha ya mlangoni. Mama mkwe akatokea, akasema kwa madaha kwamba hiyo ni ya watu wa kawaida, yeye analipa ya heshima. Akamwonyesha na utepe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano, 12 Machi
Uamuzi umetoka. Jela nimeiponea chupuchupu. Faini, na kila mteja arudishiwe chake. Uamuzi wenyewe niubandike mlangoni siku thelathini. Nikirudia, hakuna faini tena, ni jela moja kwa moja.
Nilikwenda kumwomba radhi mama mkwe. Hakufoka. Alilia. Kumbe aliwatambia wenzake wote kwamba mkwe wake anamjali. Niliona aibu, aibu ya kweli. Mke wangu hanisemeshi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimebandika. Ila karatasi ni ndefu, ilining'inia vibaya. Nimeikunja kidogo, kwa ajili ya unadhifu. Sasa vinaonekana muhuri mkubwa wa Mamlaka na jina langu, basi. Wapangaji wapya wawili wakasimama kusoma, wakasema afadhali wamempata anayetambuliwa na serikali. Nimewaunganisha papo hapo. Nimewaahidi kasi mara mbili ya ile ya zamani.
Mkaguzi atapita Jumamosi kuhakikisha kwamba nimebandika. Atakuta nimebandika.