Ng'ombe wa Wafadhili

Jumatatu, 3 Machi
Wafadhili wanagawa ng'ombe wa maziwa! Mmoja tu kijiji kizima, apewe maskini kuliko wote. Yaani mimi! Ng'ombe wangu alikufa kwa baridi, mapacha wangu wanashindia chai ya rangi. Kamati inatoka mji mkuu, Bishkek, Alhamisi kukagua nyumba. Nimehamishia zulia la ukutani kwa shemeji. Nimevunja kioo cha dirisha mwenyewe. Baridi balaa, lakini umaskini unaonekana vizuri.

Jumanne, 4 Machi
Sagynbai naye kajiandikisha! Huyo ni mdogo wake mwenyekiti wa kijiji! Ana gari la Kijerumani na kondoo mia! Nimemuuliza mwenyekiti huyu maskini wa nini. Eti ana umaskini wa moyoni. Wezi wakubwa! Enzi za Wasovieti waliiba nyasi za shamba la ushirika, sasa wanaiba misaada.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha! Nilimwagiza mke wangu Zuurakan: chai ya rangi na mkate mkavu, basi. Nikawapokea kamati njiani na koti langu lililochanika. Tunaingia ndani, meza imejaa! Maandazi, asali, siagi, jamu aina tano, vyote kaazima kwa majirani. Na kondoo wetu wa mwisho yuko sufuriani! Nikamvuta pembeni, nikamuuliza ana wazimu? Akanitolea macho: wageni watoke kwake na njaa? Eti marehemu mama yangu angefufuka ampige!

Binti wa kamati, mdomo umejaa nyama yangu, akaniuliza tunakula nyama mara ngapi kwa wiki. Nikasema mara moja kwa mwaka, na ndiyo hii. Akacheka. Akaandika.

Sagynbai kawapa maji ya moto kwenye vikombe vyenye ufa. Gari kalifukia kwenye nyasi. Mshenzi!

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Ng'ombe kapewa Sagynbai, mbele ya shule nzima. Kalia machozi, mnafiki! Mwenyekiti akanipiga bega: "Kaka, wewe tajiri bwana, hata mimi sijala vile tangu Idi." Nimempa Zuurakan ua lake la sikukuu, lakini kwa hasira.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepiga simu kulalamika, nimefoka mpaka sauti imekauka. Kumbe wamebaki na ng'ombe mmoja wa ziada! Bosi wao mwenyewe, mama wa Kizungu, anakuja Jumatano kunikagua upya.

Jumanne, 11 Machi
Zuurakan kakoma. Anasema chai tu, watoto wanataka maziwa. Nikakubali. Halafu nikawaza. Mama wa watu atoke Ulaya, aje kwangu, anywe maji ya moto kama kwa yule nguruwe Sagynbai? Kijiji kitasemaje? Zuurakan kalia, kanishika miguu. Mwanamke hana aibu!

Nimeuza mbao zote za zizi na nyasi zote za ng'ombe. Nimenunua farasi mnene, nyama ya wageni wa heshima kwetu, tunachinja alfajiri. Huyo mama atajua kaja kwa mtu, siyo kwa maskini!