Jua la Kopo

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Miaka sabini na mmoja nimetimiza. Nimewazika wake wawili na meno yote ya mbele, na foleni za sukari nimeziona zikija na nimeziona zikiondoka. Wenzangu wa bandarini walionicheka wako chini ya udongo. Mie Marijani nipo.

Mambo ni hivi. Namtaka Bi Somoe, mjane wa mtaa wa nyuma hapa Temeke. Kaka yake, Mbwana, kasema dada yake hamtoi kwa mzee wa barazani, anataka mtu wa jembe. Nikamwambia ninalo shamba Mkuranga, naenda kulima wiki mbili. Shamba ninalo kweli. Lina nyani. Mie nikaenda kwa mpwa wangu Farida, Mbezi Beach, nikalala kwenye sofa, feni usoni, natazama video.

Leo nimerudi, nimejitazama kiooni. Lahaula! Nimetakata kama mwali aliyefichwa ndani. Na mashavu juu. Mkulima gani huyu? Na Mbwana kasema Ijumaa msikitini atanitazama vizuri, halafu atoe jibu.

Jumatano, 3 Agosti

Farida kacheka mpaka kakaa chini, kisha kanipeleka Mwenge kwa rafiki yake Demetria, msusi mwenye duka la vipodozi. Makopo hadi darini. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini.

Nikaona ajabu. Wasichana wetu wananunua dawa ya kuondoa weusi, na ubavuni mwake imekaa poda ya kahawia ambayo wazungu wa hotelini hujipaka waonekane wamepigwa na jua. Nikauliza, kwani jua si lipo nje, la bure? Demetria kasema linawababua. Nikauliza, mgongoni nani anawafikia? Nikauliza mengi. Mtu asipouliza hufa mjinga.

Demetria kanielekeza. Nijaribu rangi kwenye taya, si mkononi. Nichague inayoizidi ngozi yangu kidogo tu. Nikung'ute brashi kwanza, nipake pale jua linapopiga: paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua. Nisisahau shingo na masikio. Na inayometameta nisiiguse, jua la kweli halimeti.

Mtoto wa juzi ananifundisha jua! Nimechukua iliyokoza kuliko zote, na inameta. Mkulima hutoka jasho, na jasho humeta.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimejaribu kwa brashi ya kunyolea ndevu. Shavu la kulia limekaa vizuri. La kushoto kama nimelambwa kofi. Nikaongeza la kulia yalingane. Likazidi. Nikaongeza la kushoto. Nimekuwa chungu.

Jirani yangu Fakihi kapita, kaniuliza kama nimeangukia masizi. Wivu tu. Naye anamtaka Bi Somoe, na analima kweli, maskini, hana akili nyingine.

Nimegundua jambo. Chini ya kofia jua halifiki. Kwa hiyo juu ya paji nikaacha mstari. Nani mwingine angewaza hivyo?

Ijumaa, 5 Agosti

Nimepaka tangu asubuhi. Uzuri! Njiani nimekutana na Bi Somoe, kanitazama mara mbili, kasema jua la Mkuranga limenikubali. Moyo ukaruka.

Nimefika msikitini, penye bomba, ndipo nikakumbuka. Udhu! Wazungu wa Demetria hawatawadhi, ndiyo maana hakuniambia. Na Mbwana kakaa pale pale, ananawa miguu, macho kwangu.

Nikapata akili. Nikaenda ukutani, nikapiga viganja kwenye vumbi, nikatayamamu kama msafiri wa jangwani. Uso nikaugusa juu juu.

Mwalimu Twalib wa madrasa kaniuliza mbona natayamamu na bomba linamwaga maji. Nikasema naumwa, maji yananidhuru. Mbwana kauliza naumwa nini. Nikasema ngozi. Safu nzima ikasogea.

Kumbe bado. Nilipoinuka kwenye sijida, juu ya shuka jeupe la msikiti palikuwa na paji langu na pua yangu, vinameta. Fakihi kavitazama. Kisha kanitazama mie.

Nje Mbwana kalowesha leso bombani, kanifuta shavu mbele ya watu, polepole, kama anamfuta mtoto uji.

"Shemeji," kasema, "shamba lako lote hili hapa, kwenye leso."

Jumamosi, 6 Agosti

Bi Somoe kaja mwenyewe, kasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Kasema kuwa silimi alijua zamani, na hakujali, uzeeni nani anataka kupalilia. Alikuwa tayari kumbembeleza kaka yake.

"Lakini mtu aliyemkwepa Mungu kwa vumbi la ukutani na maji yapo," kasema, "mie si atanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kila siku?"

Kaondoka. Posa ya Fakihi imekubaliwa.

Nimekaa nikatafuta kosa liko wapi. Nimelipata. Ni poda. Poda hutoka! Demetria anayo nyingine, ya mafuta, maji hupita juu yake kama juu ya jani la mgomba. Unatawadha utakavyo, rangi iko pale pale. Kesho nipo Mwenge. Kule Mtoni yuko mjane, Bi Najma, nasikia kaka yake anataka fundi wa mapaa. Juu ya bati jua ni kali zaidi, nitapaka mpaka masikioni.

Haya yote ni kweli tupu. Anayebisha amuulize Mwalimu Twalib, yule hasemi uongo. Ila asimuulize Farida.